Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Darubini, Kamera na Anga la Mbali kutoka Dodoma

Fungua mwongozo wowote wa kupiga picha za anga na utaambiwa kwanza uitafute Kutubu, nyota ya kaskazini. Kwa mkazi wa Dodoma ushauri huo hauna kazi, maana Kutubu haichomozi kwetu. Tupo nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, na wengi walioandika miongozo hiyo wanaishi nyuzi 40 au 50 kaskazini. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa mtu aliyesimama hapa, kwenye vumbi na upepo wetu. Tunaposema anga la mbali tunamaanisha nebula (mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota), vishada vya nyota na galaksi. Mwezi na sayari zina mbinu zake na hatutazigusa.

Nina kamera ya lenzi za kubadilisha. Ninunue nini kwanza?

Maunti, yaani kile kichwa kinachobeba darubini na kuizungusha kufuata nyota. Wengi hukimbilia mtungi mkubwa wa darubini kwa sababu ndio unaoonekana dukani, kisha wanabaki na picha za mistari. Dunia inazunguka, kwa hiyo anga linasogea nyuzi 15 kila saa. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), nyota zinaanza kurefuka baada ya sekunde 6 hivi. Ukiweka ya milimita 250, hata sekunde moja na nusu ni nyingi. Nebula inahitaji dakika, tena nyingi.

Tafuta maunti ya ikweta, ile ambayo mhimili wake mmoja unalazwa sambamba na mhimili wa Dunia. Kama utatumia lenzi ya kamera peke yake, kifuatilia nyota kidogo kinachokaa juu ya tripodi ya kawaida kinatosha, na kinaingia kwenye begi la mgongoni. Kama una nia ya darubini, soma uzito ambao mtengenezaji anasema maunti inabeba, kisha ugawe kwa mbili. Nusu hiyo ndiyo mzigo wako wa kupigia picha, ukijumlisha darubini, kamera, adapta na waya zote.

Darubini yenyewe iwe ndogo: ya lenzi, tundu (upana wa lenzi ya mbele) la milimita 60 hadi 80, umbali wa fokasi kati ya milimita 350 na 480. Itaonekana kama mwanasesere kando ya darubini ya inchi 8, lakini haikamati upepo, haihitaji kusawazishwa vioo kila inaposafirishwa kwenye barabara ya vumbi, na inasamehe makosa ya maunti. Hata lenzi ya zamani ya milimita 135 au 200 uliyonayo kabatini inaweza kukulisha mwaka mzima.

Nimepewa darubini ya vioo ya inchi 8 inayokaa kwenye kibao cha kuzunguka chini. Haifai kabisa?

Inafaa sana kwa macho, kwa Mwezi na kwa sayari. Kwa nebula, kibao kile hakifuati nyota vizuri vya kutosha kuacha shata, yaani pazia la kamera, wazi kwa muda mrefu. Ifurahie kwa macho wakati kamera inafanya kazi pembeni.

Kama Kutubu haionekani, nitalengaje ncha ya anga?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa hiyo tulia nalo.

Ncha ya anga ni ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka; tunayoilenga sisi ni ya kusini. Kutoka Dodoma ipo nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, yaani chini kuliko paa la nyumba ya jirani. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata kwenye giza zuri huonekana kwa shida, na kwa urefu ule inamezwa na vumbi na miti. Kijidarubini kilichochimbwa ndani ya mhimili wa maunti, ambacho watu wa Ulaya wanakitegemea, kwetu ni pambo. Usipoteze usiku wako humo.

Anza mchana. Ukiwa na uwanja wako mwenyewe, chora mstari wa kaskazini na kusini mara moja na utautumia miaka. Simika fimbo iliyonyooka wima na usubiri adhuhuri halisi, pale jua linapokuwa juu kabisa. Dodoma hiyo si saa 6 kamili mchana; ni karibu saa 6 na dakika 35, ikisogea mbele au nyuma kwa robo saa kulingana na mwezi. Programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure, itakupa dakika yenyewe kwa tarehe yako. Kivuli cha fimbo wakati huo kinalala juu ya mstari wa kaskazini na kusini. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri lipo upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo kivuli kinaonyesha kusini; miezi mingine kinageuka. Karibu na siku za mageuzi kivuli ni kifupi mno, usichore siku hizo. Chora kwa chokaa, au piga misumari miwili kwenye saruji. Dira ya simu inasaidia ukiwa porini, ila iweke mbali na gari na vyuma vya maunti, maana inadanganyika upesi.

Kisha weka tripodi sawa kwa pimamaji, elekeza mhimili kusini, na uinamishe hadi nyuzi 6. Programu ya simu ya kupima mwinamo, ikilazwa juu ya sehemu bapa ya maunti iliyo sambamba na mhimili, inakufikisha karibu.

Giza likiingia, malizia kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya kompyuta: programu ya N.I.N.A., inayoendesha kamera na maunti, ina nyongeza inayopiga picha tatu huku maunti ikijizungusha, inazitambua nyota zilizomo, kisha inakuambia mhimili umekosea kiasi gani na ugeuze skrubu ipi. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kuiona ncha. Inatumia kipande chochote cha anga kilicho wazi. Vidhibiti vidogo kama ASIAIR vina mbinu ya namna hiyohiyo.

Ya pili ni ya zamani na haihitaji intaneti: kutazama nyota inavyohama. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, yaani juu kabisa ya kichwa chako, kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Hapa tuna bahati, maana ikweta ya anga, mstari ulio juu ya ikweta ya Dunia, inapita nyuzi 6 tu kaskazini mwa utosi wetu, kwa hiyo nyota za kufaa hazikosekani. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, geuza skrubu za kushoto na kulia. Usihangaike kukariri mwelekeo. Ukigeuza na ikazidi kuhama, rudi upande wa pili. Ikitulia, hamia nyota iliyo mashariki au magharibi, urefu wa nyuzi 30 hivi, na safari hii rekebisha skrubu ya juu na chini. Programu ya PHD2, ya bure pia, ina ukurasa maalumu wa kazi hii na inakuchorea mstari wa uhamaji. Kwa darubini ndogo yenye kamera ya kuongozea (kamera ya pili inayoitazama nyota na kuirekebisha maunti), kosa la dakika 5 za tao halitakuumiza; dakika ya tao ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi.

Maunti yangu haishuki hadi nyuzi 6. Nimeibiwa?

Hapana, ila haikutengenezwa ikikufikiria wewe. Maunti kadhaa huishia nyuzi 10 au 15. Kabla ya kulipa, soma kijitabu chake utafute kiwango cha latitudo, na hakikisha 6 imo ndani. Kama tayari unayo na inaishia 10, inua mguu wa tripodi wa upande wa kaskazini kwa ubao au tofali mpaka mhimili ushuke zile nyuzi 4 zilizobaki. Hakuna sheria inayosema tripodi lazima iwe bapa. Kinachotakiwa ni mhimili uelekee ncha, na isipinduke.

Jambo jingine: katika latitudo ndogo, fimbo ya vyuma vya mizani inaning'inia upande wa kusini na inaweza kugonga mguu wa tripodi. Zungusha tripodi ili miguu miwili iwe kusini na vyuma vipite katikati yake. Pima kwa mkono, taratibu, kabla ya kuwasha mota.

Kwa nini nyota zangu ni mistari ingawa mota inazunguka?

Mara nyingi mota inazunguka kana kwamba uko nusu ya kaskazini ya dunia. Kifuatilia nyota kina swichi au menyu ya kaskazini na kusini, iweke kusini. Kwenye kidhibiti cha mkononi ingiza latitudo 6°10′ kusini, longitudo 35°44′ mashariki, saa za eneo +3, na ukatae ile habari ya saa za kiangazi (DST), ya kusogeza saa mbele, ambayo kwetu haipo. Angalia mpangilio wa tarehe: vidhibiti vingine vinataka mwezi kwanza, siku baadaye. Na saa tatu usiku yako iingie kama 21:00. Ukiandika 03:00, maunti itakwenda kuitafuta nebula chini ya ardhi.

Nimeambiwa maunti inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia haifai kwa picha. Ni kweli?

Kwa wenzetu wa kaskazini, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwetu jibu ni tamu zaidi. Tatizo la maunti hizo ni kwamba picha inajizungusha taratibu ndani ya kamera, na mzunguko huo unategemea upande unaotazama. Karibu na ikweta nyota za mashariki zinapanda wima na za magharibi zinashuka wima, kwa hiyo ukilenga mashariki au magharibi picha karibu haizunguki kabisa. Ukilenga kusini au kaskazini inazunguka kwa kasi, na karibu na utosi mota zinahangaika.

Hii ndiyo sababu darubini janja kama Seestar S50, yenye tundu la milimita 50 na umbali wa fokasi wa milimita 250, inafanya kazi nzuri hapa ikiwa mtumiaji atapanga ratiba yake: nebula za kundinyota la Mshale zikiwa bado mashariki jioni za Juni, kundinyota la Jabari likiwa linapanda alfajiri za Septemba. Wapenzi wa vifaa vikubwa huzidharau. Mimi sioni sababu: mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi nebula kwenye simu jioni hiyohiyo hana haja ya kilo 20 za vyuma.

Kamera inaungwaje kwenye darubini?

Unatoa lenzi ya kamera, unaweka ringi ya T inayolingana na kampuni ya kamera yako, kisha unaingiza kwenye darubini. Darubini ya lenzi inahitaji pia lenzi ya kunyoosha ukingo, vinginevyo nyota za pembeni zitaonekana kama mbegu za tikiti. Lenzi hizo nyingi zinataka milimita 55 kutoka nyuma yake hadi kwenye kihisi. Kwa Canon yenye kioo ndani (DSLR), umbali wa ndani ya kamera ni 44 na ringi inaongeza 11, hesabu imetimia bila kuongeza kitu. Kwa kamera ya falaki, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya darubini tu, lazima uongeze vipande vya nafasi mpaka ufike.

Ukitaka kujua picha yako itakuwa na undani gani, chukua ukubwa wa pikseli kwa mikroni, zidisha kwa 206, gawa kwa umbali wa fokasi kwa milimita. Pikseli ya 4.3 kwenye milimita 400 inatoa sekunde 2.2 za tao kwa pikseli (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 60 ya dakika ya tao), na hapo ni pazuri pa kuanzia. Ukipata chini ya 1, unaiomba hewa na maunti yako mengi kuliko vinavyoweza kutoa.

Fokasi nafanyaje? Kamera inakataa kufokasi yenyewe.

Itakataa, hakuna cha kushika kwenye giza. Zima fokasi ya kujiendesha, lenga nyota kali kama Shira au Suheli, kuza picha kwenye skrini mara 10 na ugeuze taratibu mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa. Barakoa ya Bahtinov, kipande cha plastiki chenye michirizi kinachowekwa mdomoni mwa darubini, hufanya nyota itoe miale mitatu. Ule wa kati ukikaa sawasawa katikati ya wengine, umemaliza. Mwenye mkono mzuri anaweza kuikata kwenye kadibodi ngumu. Rudia baada ya saa moja au mbili. Mchana wetu ni moto na usiku wa Juni na Julai ni baridi, chuma kinajikunja, na fokasi ya saa moja usiku si ya saa tano.

Niweke mipangilio gani kwenye kamera?

Faili ghafi, zile zenye alama ya RAW, kamwe si JPEG peke yake. ISO 800 au 1600. Zima ile huduma ya kamera kupunguza chembe (ule mchangamchanga wa picha) kwa shata ndefu, kwa sababu inakula nusu ya usiku wako. Anza na sekunde 60, tazama histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera): mlima wake uwe umejitenga na ukuta wa kushoto, karibu robo hadi theluthi ya njia. Ukigusa ukuta, ongeza muda. Ukifika katikati, taa za mji zimekuzidi, punguza.

Halafu piga nyingi. Picha 60 za dakika moja ni saa moja ya mwanga, na saa moja ni mwanzo tu. Ubora hukua taratibu: ili chembe zipungue nusu unahitaji muda mara nne. Mtu wa saa nne kwenye kitu kimoja atamshinda wa vitu vinane vya nusu saa kila siku.

Fremu za giza na za mwanga sawa ni za nini? Naweza kuziruka?

Fremu za giza unapiga ukiwa umefunika darubini, kwa muda, ISO na joto lilelile. Zinaondoa nukta za joto za kihisi. Uchafu wa joto huo hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6 za Selsiasi, ndiyo maana picha za Novemba zinachafuka kuliko za Julai. Piga 20 mwishoni wakati unakunja waya.

Fremu za mwanga sawa usiziruke, hasa hapa. Tandaza fulana nyeupe isiyo na mikunjo mdomoni mwa darubini, elekeza kwenye anga la alfajiri lisilo na jua, piga 20 au 30 bila kugusa fokasi wala kuizungusha kamera. Zitafuta vivuli vya pembeni na yale madoa ya mviringo ya vumbi. Na vumbi la Dodoma linaingia hata kwenye begi lililofungwa.

Niende wapi? Naishi mjini.

Mji umekua sana tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, na taa za barabarani za LED zimefika maeneo ambayo zamani yalikuwa giza tupu. Ukiwa Mtumba au jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma bado utapiga vishada vya nyota na nebula kali, lakini galaksi zitazama kwenye mwanga.

Chagua upande kulingana na unachowinda. Vitu vya kusini, kama Mawingu ya Magellan (galaksi mbili ndogo jirani na yetu), haviinuki sana kwetu: lile Kubwa linafika nyuzi 27 hivi, Dogo kama 23. Kwa hivyo shika barabara ya Iringa kuelekea Mtera, ili mwangaza wa mji ubaki mgongoni kwako. Ukitaka galaksi ya Andromeda, iliyo kaskazini, fanya kinyume: nenda Chemba au Kondoa. Huko juu kuna Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Usiingie kwenye eneo la hifadhi usiku bila kibali. Bahi ni tambarare na upeo wake uko wazi pande zote, ila baada ya mvua kuna mbu wa kukufukuza. Hombolo ni karibu na panatosha kwa usiku wa kujifunza.

Umeme ukikatika mji mzima, usilalamike. Toa kamera nje.

Msimu gani ni mzuri, na nilenge nini?

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, zikichungulia mwishoni mwa Novemba. Kiangazi ndicho chetu, na kwa bahati ndicho kinacholeta kitovu cha Njia Nyeupe juu ya vichwa.

Mwanzoni mwa Mei, saa mbili na nusu usiku, nebula ya Carina, NGC 3372 (NGC na M ni alama za orodha za vitu vya anga), iko juu kabisa upande wa kusini, karibu nyuzi 36. Watu wa Ulaya hawaioni maisha yao yote. Ni kubwa, inang'aa, na inamvumilia mgeni, ningeanza nayo. Kulia na kushoto kwake kuna vishada vingi, na Msalaba wa Kusini uko jirani. Kishada cha Omega Centauri kinafika nyuzi 48 na kinapendeza hata kwa lenzi ya milimita 200.

Juni hadi Agosti ni zamu ya makundinyota ya Nge na Mshale. Katikati ya Julai, saa tano usiku, nebula ya M8 inapita nyuzi 72 juu. M20, M16 na M17 ziko jirani. Hapo hewa unayopita ni nyembamba, na Dodoma yenyewe iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Kama una lenzi ya milimita 14 hadi 24 peke yake, weka mbuyu mbele ya Njia Nyeupe na hutajutia.

Septemba hadi Novemba kuna galaksi: NGC 253 karibu na utosi, Andromeda nyuzi 42 kaskazini, M33, na Mawingu ya Magellan baadaye usiku. Kasoro ya miezi hiyo ni moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa. Unafanya anga liwe kama maziwa hadi nyuzi 20 au 30. Mvua ya kwanza ikishaosha hewa, usiku unaofuata ukiwa wazi acha kila kitu utoke.

Jabari inahitaji uamke. Nebula yake, M42, inapita chini ya nyuzi moja kutoka utosi wetu, lakini msimu wake wa jioni unaangukia kwenye mvua. Oktoba saa kumi alfajiri iko juu pazuri. Ina kiini kikali mno, kwa hiyo changanya picha za sekunde 5 na za dakika. Kilimia, ambacho wazee walikitazama kupanga kilimo, kiko kaskazini kwake na kinafika nyuzi 60.

Usiku ni wa siku za giza la mwezi, bila shaka. Giza kamili linaingia saa moja na robo hivi baada ya jua kuzama. Kwetu jua halichelewi, na hilo ni faida ambayo mtu wa London wa mwezi Juni angeilipia.

Upepo unanisumbua kuliko mawingu. Nifanyeje?

Upepo wa kiangazi Dodoma si wa kubembeleza. Usirefushe miguu ya tripodi, chuchumaa. Vua mkanda wa kamera, funga waya zote zisipeperuke. Weka gari au ukuta upande unaotoka upepo, na upige muda mfupi: picha mia za sekunde 30 na ukitupa 20 umepoteza kidogo, kuliko picha 10 za dakika 5 na ukatupa nusu. Uzio wa minyaa ni kinga nzuri ya upepo, lakini kaa mbali na matawi yake, hasa gizani. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Vumbi la kwenye kioo lipulize kwa pampu ya mpira. Usifute kwa kanga wala fulana. Mchanga wetu unakwaruza. Wakati wa mvua hifadhi lenzi na vifuko vya kukausha unyevu, kuvu haichagui bei.

Umeme porini napata wapi?

Vifaa vingi vinatumia volti 12. Maunti inakula ampea 1 hivi, kompyuta ndogo 1 na nusu, kamera yenye ubaridi (inayopoza kihisi chake) 2 au zaidi. Kwa ampea 5 na saa 6 unahitaji ampea-saa 30. Betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo nunua ya 60. Ya lithiamu ya aina ya fosfeti, 40 inatosha na utaibeba kwa mkono mmoja. Mafundi wa sola wa mjini wanajua kukutengenezea kisanduku chenye fyuzi na soketi. Usikubali bila fyuzi. Na usitegemee betri ya gari utakalorudia nyumbani.

Filta itaniondolea taa za mji?

Kwa nebula nyekundu, filta ya mikanda miwili inasaidia sana, maana inapitisha mwanga wa hidrojeni na oksijeni na kuzuia mwingine. Kwa galaksi na vishada haisaidii. Hivyo vinatoa mwanga wa kila rangi, sawasawa na LED. Filta za zamani zilizotengenezwa kwa taa za sodiamu za manjano zimepitwa na wakati. Nauli ya kutoka mjini ni nafuu kuliko filta.

Kamera ya kawaida pia ina kioo ndani kinachozuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni, ule wa nanomita 656. Mafundi hukiondoa, lakini usifanye hivyo mwaka wa kwanza.

Picha nimezipata, mia na zaidi. Kisha?

Zirundike. Siril ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. DeepSkyStacker ni ya bure kwa Windows. Unaipa picha za mwanga (zile za kitu chenyewe), za giza na za mwanga sawa, inazipanga nyota juu ya nyota na kutoa faili moja. Faili hiyo itaonekana nyeusi na utadhani umepoteza usiku. Ivute polepole kwenye Siril au GIMP, sawazisha rangi ya anga, na uache kabla weusi haujawa wino. Anga halisi si jeusi tititi, na picha nyingi zinaharibiwa na mkono wa mwisho.

Setilaiti zimechora mistari kwenye picha zangu.

Iache. Ukiwa na picha 15 na kuendelea, chagua njia ya kurundika inayotupa thamani zilizopotoka na mistari itapotea yenyewe.

Simu yangu inaweza?

Kwa Njia Nyeupe, ndiyo, ikiwa ina hali ya mtaalamu na shata ya sekunde 15 hadi 30; tumia tripodi na kipima muda ili usiitikise. Kwa nebula moja moja, hapana.

Kuna hatari gani kulala nje na vifaa?

Mjulishe mwenyekiti wa kijiji au mtendaji mchana, umwonyeshe unachofanya; kundi la watu wenye taa nyekundu na mtungi ulioelekezwa juu saa nane usiku linazua maneno. Chukua mwenzako. Vaa viatu vilivyofunika, nge na nyoka wanapenda mawe yenye joto. Fisi wapo maeneo mengi ya mkoa na kwa kawaida hukwepa watu, ila chakula usikiache nje. Usisimamishe darubini jirani na kambi za jeshi au majengo ya serikali, na tochi ya leza ya kijani usiielekeze kamwe kwenye ndege.